Jina la Mtu Mwingine Kifuani

Mchezaji mgeni kwenye timu ya taifa kwa kawaida haombi kitu. Hufika mapema mazoezini, huitikia anapoitwa, husubiri zamu yake. Donnell Wallam aliomba. Ilikuwa Oktoba 2022, alikuwa na umri wa miaka 28, alikuwa hajaichezea Australia hata dakika moja, na alichoomba ni kuvaa gauni la timu lisilo na jina la mdhamini mpya. Kwa kipimo cha kitambaa lilikuwa jambo dogo sana. Lakini kabla mwezi haujaisha mkataba wa dola milioni 15 za Australia ulikuwa umevunjika, na watu wasiowahi kutazama mchezo wa netiboli walikuwa wakibishana juu ya swali ambalo manabii, masheikh na wanafalsafa wamelihangaikia kwa karne nyingi: kosa la baba linamfuata mtoto? Na fedha, je, hubeba historia ya aliyezichuma?

Wallam ni Mnoongar, mmoja wa watu wa asili wa kona ya kusini-magharibi ya Australia, nchi ambayo mji wa Perth umejengwa juu yake. Uwanjani yeye ni GS, mfungaji anayesimama karibu kabisa na nguzo. Wapenzi wa netiboli wanajua ugumu wa nafasi hiyo. Pete iko mita 3.05 juu, haina ubao nyuma yake wa kurudisha mpira, na kati ya wachezaji saba ni wawili tu wanaoruhusiwa kufunga. Ukishadaka mpira huruhusiwi kutembea nao, na una sekunde tatu tu za kuuachia. Beki wako yuko mgongoni hadi unapodaka, kisha anarudi nyuma sentimita 90, ananyoosha mkono mbele ya macho yako. Mfungaji mwenye mikono inayotetemeka hana pa kujificha.

Njia yake ya kufika hapo haikunyooka. Ligi kuu ya Australia ina timu nane, na kila timu huwa na wachezaji kumi tu wa mkataba. Nafasi ya mfungaji, zaidi ya nyingine zote, imekuwa ikijazwa na wageni warefu na hodari kutoka Jamaika na Malawi. Nyumbani kwao Perth nguzo ilikuwa ya Jhaniele Fowler, Mjamaika ambaye kumng'oa ni kazi kubwa. Wallam akavuka bahari hadi Uingereza kuchezea Leeds Rhinos. Wasomaji wa Uganda wanaijua njia hiyo, kwani Peace Proscovia na Mary Nuba Cholhok waliipita kwenda Loughborough, na Proscovia akaendelea hadi Australia kwenyewe. Ni kazi ya mikataba mifupi na vyumba vya kupanga, na goti likiteguka msimu umekwisha. Mwaka 2022 Queensland Firebirds walimwita Wallam baada ya mfungaji wao mkongwe, Romelda Aiken-George, kupata ujauzito. Alifunga mabao mengi kiasi kwamba wachaguzi wa timu ya taifa, Diamonds, hawakuweza tena kumpita. Akawa mwanamke wa tatu tu wa asili kuitwa kuiwakilisha Australia katika netiboli, baada ya Marcia Ella-Duncan na Sharon Finnan-White. Kati ya Finnan-White na yeye ilipita zaidi ya miaka 20.

Klabu hiyohiyo ya Firebirds ilikuwa na kisa chake. Mwaka 2020 Jemma Mi Mi alikuwa mchezaji pekee wa asili katika ligi nzima, na picha zake zilitumika kutangaza mzunguko maalumu wa kuwaenzi watu wa asili. Siku ya mchezo alikaa benchi kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Sura yake ilihitajika kwenye tangazo. Mchezo wake haukuhitajika. Kisa hicho kinafaa kukumbukwa, maana waliomshangaa Wallam miaka miwili baadaye walizungumza kana kwamba suala la nani anatumika kama bango lilianza naye.

Shirikisho la Netball Australia lilikuwa na shida ya kweli ya fedha. Miaka miwili ya korona ilikuwa imelitia hasara ya zaidi ya dola milioni 7. Mwaka huohuo wa 2022 lilikuwa limeuza hata fainali ya ligi, likaihamisha kutoka Melbourne kwenda Perth kwa dola 650,000, na mashabiki wakanung'unika. Kwa hiyo kampuni ya madini ya Hancock Prospecting ilipojitokeza na dola milioni 15 kwa miaka minne, viongozi waliona wameokolewa. Hakuna sababu ya kuwafanya waovu kwa hilo. Walikuwa na mishahara ya kulipa, kambi za kugharamia na programu za mabinti wa shule zilizokuwa zikisubiri fedha.

Kampuni hiyo iliasisiwa na Lang Hancock, mtu wa chuma cha Pilbara, kaskazini mwa Australia Magharibi. Alifariki mwaka 1992, na binti yake Gina Rinehart ndiye mwenyekiti na mmoja wa matajiri wakubwa kabisa wa nchi hiyo. Mwaka 1984 Hancock alihojiwa mbele ya kamera kwa ajili ya filamu ya hali halisi. Akizungumzia watu wa asili, hasa wale aliowaita machotara, alipendekeza wakusanywe mahali pamoja na maji yao yatiwe dawa ya kuwafanya wawe tasa, ili baada ya muda tatizo, kwa maneno yake, liishe lenyewe. Alisema hayo kwa utulivu, kama mtu anayeeleza mpango wa kazi. Mkanda upo hadi leo.

Kwa msomaji wa mbali maneno hayo yanaweza kuonekana kuwa upuuzi wa mzee mmoja tajiri. Kwa Mnoongar yana mizizi mirefu. Sheria ya Australia Magharibi ya mwaka 1905 ilimpa afisa mmoja wa serikali, aliyeitwa Mlinzi Mkuu wa watu wa asili, mamlaka juu ya watoto wao, pamoja na uwezo wa kukubali au kukataa ndoa ya mwanamke wa asili na mwanamume asiye wa asili. A. O. Neville aliishika ofisi hiyo tangu 1915 hadi 1940. Mwaka 1936 sheria ikakazwa zaidi, na mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa maafisa uliofanyika Canberra, Neville alitetea sera ya kuwayeyusha machotara ndani ya damu ya wazungu hadi siku moja isijulikane kwamba watu wa asili waliwahi kuwapo. Watoto walichukuliwa kutoka mikononi mwa mama zao na kupelekwa kwenye makazi kama Moore River, ndani ya nchi ya Wanoongar wenyewe. Kwa hiyo aliposema Hancock mwaka 1984 kwamba uzazi wa watu hawa ni jambo la kupangiwa na wengine, alikuwa anaendeleza lugha iliyokwisha kuwa sheria, na wanawake walioishi chini ya sheria hiyo walikuwa bado hai. Ni bibi za wanawake wa umri wa Wallam.

Jina la kampuni ni jina la mtu huyo, na jina hilo ndilo lililotakiwa kushonwa kwenye gauni, juu ya mwili wa mwanamke wa watu aliotaka wasizae. Ukiliweka hivyo, ombi la Wallam halihitaji tena kuelezwa sana. Linalohitaji kuelezwa ni kwa nini halikupita.

Halikupita, na wenzake wakasimama naye. Katika mechi za Oktoba dhidi ya New Zealand timu ilivaa magauni yasiyo na nembo ya Hancock. Mvutano ukaendelea magazetini, kukiwa na hoja nyingine pia, ikiwamo ile ya mabadiliko ya tabianchi aliyoitoa nahodha wa zamani Sharni Norder. Tarehe 22 Oktoba kampuni ilijiondoa. Ilisema haikutaka kuongeza mfarakano katika mchezo huo, ikalalamika kwamba mashirika ya michezo hayapaswi kuwa chombo cha harakati za kijamii na kisiasa, na ikaahidi ufadhili wa miezi minne wakati shirikisho likitafuta mdhamini mwingine. Wachezaji nao walisema hakukuwa na mfarakano wowote kati yao. Siku nne baadaye, mjini Newcastle katika jimbo la New South Wales, Wallam aliingia kutoka benchi katika mechi yake ya kwanza ya kimataifa, dhidi ya Uingereza, na zikiwa zimebaki sekunde chache akafunga bao la ushindi.

Bao hilo lilifurahisha mno, na hapo ndipo waandishi wengi walipoishia. Ni bahati mbaya, kwa sababu bao halithibitishi chochote. Angekosa, ombi lake lingekuwa na haki ileile.

Hoja nzito kuliko zote iliyotolewa dhidi yake ni hii: Gina Rinehart hakusema maneno yale. Baba yake ndiye aliyeyasema, na baba yake amekufa. Kwa nini binti aadhibiwe? Hoja hii haiwezi kupuuzwa na mtu yeyote anayechukulia dini au haki kwa uzito. Kurani, katika sura ya Al-An'am, inafundisha kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anatumia kurasa nzima kuwakatalia watu waliodhani watoto wanalipia makosa ya wazazi wao: kila mtu na lake. Na ingawa kitabu cha Kutoka kina mahali panapozungumzia uovu wa baba kufuatwa hadi kizazi cha tatu na cha nne, wafasiri wengi wa Kiyahudi na wa Kikristo wameisoma aya hiyo kwa tahadhari, wakisema inawahusu watoto wanaoendelea katika njia ya baba. Katika jambo hili dini hizi zinakubaliana kuliko zinavyokubaliana katika mengi: hatia hairithiwi.

Ni kweli, na Wallam hakusema vinginevyo. Hakumtaka Rinehart akaungame dhambi ya baba yake. Lakini mtu anaweza asirithi hatia na bado akarithi vitu vingine. Mwanafalsafa wa Kijerumani Karl Jaspers, akifundisha mjini Heidelberg miezi michache baada ya nchi yake kushindwa vita, aliwaonya wanafunzi wasizichanganye aina mbalimbali za hatia. Hatia ya jinai, alisema, ni ya aliyetenda, na ya kimaadili ni ya kila mtu na dhamiri yake. Lakini ipo dhima nyingine inayompata mtu kwa kuwa tu ni sehemu ya taifa au jumuiya iliyotenda, hata kama yeye binafsi mikono yake ni safi: dhima ya kujibu, kurekebisha, kutokaa kimya. Mgawanyo huo unafaa hata nje ya Ujerumani. Anayerithi vitalu vya madini, mirabaha na jina la kampuni amerithi urithi wote kwa pamoja, na jina ndilo linalompa fahari mbele ya umma. Hatakiwi kuiacha mali. Anatakiwa kulitolea jina hilo jibu. Na jibu lilikuwa rahisi kuliko dola milioni 15. Sentensi moja ya hadharani, kwamba maneno ya 1984 yalikuwa ya kuchukiza na kampuni inayakana, ingegharimu wino tu. Wakati wa mgogoro ule sentensi hiyo ndiyo iliyosubiriwa, na haikuja.

Kampuni ilikuwa na lake la kusema: kwamba shughuli zake za madini huwalipa wenyeji wa asili mirabaha kwa mujibu wa mikataba. Hilo si jambo la kudharau. Lakini malipo ya matumizi ya ardhi hulipwa kwa ardhi. Maneno yale yalihusu miili na vizazi, na hayawezi kulipiwa kwenye safu ya mirabaha.

Swali la pili ni gumu zaidi, nalo ni la fedha zenyewe. Kuna waliosema netiboli ilipaswa kuzikataa tangu mwanzo kwa sababu ni fedha chafu. Mjadala huu una historia ndefu. Injili ya Mathayo inasimulia jinsi makuhani walivyoshika vile vipande thelathini vya fedha alivyovirudisha Yuda, wakaona haifai kuvitia katika hazina ya hekalu kwa kuwa ni bei ya damu, wakanunulia shamba la kuzikia wageni. Ni tukio la kutisha: watu haohao waliolipa fedha kwa ajili ya kifo wanakuwa waangalifu kuhusu sanduku la sadaka. Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali naye, katika sehemu ya halali na haramu ya kitabu chake kikubwa, Ihya, alijadili kwa kirefu mwanazuoni afanye nini anapopewa zawadi kutoka kwa mtawala ambaye mali yake imechanganyika na dhuluma. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wakasema pia kwamba mwenye mali ya haramu asiyeweza kumrudishia mwenyewe aitoe kwa masikini au kwa manufaa ya umma, bila kutarajia thawabu kama ya sadaka.

Marekani mwaka 1905 mchungaji Washington Gladden alipinga zawadi ya dola 100,000 iliyotoka kwa John D. Rockefeller kwenda kwa bodi ya wamisionari ya kanisa lake. Gladden aliona kwamba kuipokea ni kuyapa baraka ya kanisa yale yaliyofanywa na kampuni ya mafuta ya Standard Oil kuwabana na kuwamaliza washindani wake. Kisha ikabainika kwamba zawadi haikujileta yenyewe. Bodi ndiyo iliyokwenda kuomba. Netball Australia nayo ilikuwa inatafuta fedha. Mwenye njaa hachagui mlango.

Tatizo la hoja ya fedha chafu ni kwamba ukianza kuifuata, huna mahali pa kusimama. Tarehe 31 Oktoba 2022, siku tisa baada ya Hancock kuondoka, shirika la utalii la jimbo la Victoria, Visit Victoria, lilichukua nafasi yake kwa dola milioni 15 zilezile, kwa kipindi kirefu kidogo. Wengi wakapumua. Lakini fedha za serikali ya jimbo la Australia zimetoka wapi? Victoria yote ni ardhi iliyotwaliwa bila mkataba. Jimbo lenyewe lilikuwa linakiri hivyo kwa kuanzisha mchakato wa mkataba na watu wake wa asili. Wanoongar wanajua hesabu hizi vizuri kuliko mtu yeyote. Makubaliano yao na serikali ya Australia Magharibi, yaliyoanza kutekelezwa mwaka 2021 na kukadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 1.3, ndiyo makubwa kuliko yote ya aina yake nchini humo, na yalipatikana baada ya miaka mingi ya kesi na majadiliano. Mtu wa asili wa Australia akiamua kutogusa fedha iliyotokana na kunyang'anywa, hatapanda basi wala hatanunua mkate.

Ndiyo maana ni kosa kumfanya Wallam mtakatifu wa usafi wa fedha. Hakuomba usafi huo. Hakudai mkataba uvunjwe, hakukataa mshahara uliolipwa na shirikisho lililokuwa tayari limetia saini. Aliomba asilibebe jina. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo zima, kwa sababu kinachouzwa katika udhamini ni jina lenyewe kuonekana. Mtu anayetoa fedha kimya kimya ni mfadhili. Mdhamini ananunua nafasi kwenye kifua cha mtu mwingine ili sifa za mtu huyo zihamie kwake: afya yake, ushindi wake, mapenzi ya watoto wanaomtazama. Na sifa za Wallam, pamoja na kuwa mwanamke wa asili wa kwanza kwenye gauni hilo baada ya ukame mrefu wa wachezaji wa asili, zingehamia kwenye jina la Hancock bila mtu kusema neno. Picha moja ya gazetini ingetosha kuonyesha kwamba mambo ya 1984 yamekwisha. Alikuwa anaombwa atoe msamaha kwa kuvaa nguo, msamaha ambao hakuna aliyeuomba kwa mdomo. Katika Ukristo na Uislamu, msamaha kwa kawaida hutanguliwa na mtu kukiri. Zakayo mtoza ushuru alisimama mbele ya watu akataja mwenyewe atakachorudisha na mara ngapi. Mwislamu aliyemdhulumu mwenzake hatoshelezwi na kutubu kwa Mungu peke yake. Anatakiwa amrudishie haki yake au amwombe amsamehe.

Kuna ulinganisho mmoja unaoonyesha pale hasa Wallam alipokwamia. Hashim Amla, Mwislamu wa Afrika Kusini na mmoja wa wapigaji bora wa kriketi wa kizazi chake, alicheza miaka mingi bila nembo ya bia ya Castle kwenye jezi yake wakati wenzake wengi walikuwa nayo. Sonny Bill Williams, nyota wa raga wa New Zealand aliyesilimu, mwaka 2017 alionekana uwanjani amefunika kwa plasta nembo ya benki kwenye kola. Wakuu wa raga walikaa naye, wakakubali asivae nembo za mabenki. Kampuni ya bia iliendelea kuuza bia, na benki ikaendelea kukopesha. Papiss Cissé, mshambuliaji wa Senegali, hakuwa na safari nyepesi kiasi hicho. Mwaka 2013 klabu yake ya Uingereza, Newcastle United, ilianza kuvaa nembo ya Wonga, kampuni ya mikopo ya haraka ambayo riba yake ikipigwa kwa mwaka ilizidi asilimia 5,000. Cissé alikataa kwa sababu ya dini. Ikawa vuta nikuvute kwa majuma kadhaa, na mwishowe akaivaa jezi.

Kwa nini Amla alieleweka upesi na Cissé akavutana nao, na Wallam akasababisha mkataba mzima kuvunjika? Mtu anayekataa nembo ya bia kwa sababu ya dini yake anasema jambo kuhusu yeye mwenyewe: mimi sinywi, sheria yangu hainiruhusu. Muuza bia hajatukanwa. Anaweza hata kumpongeza kwa msimamo. Anayekataa nembo ya mkopeshaji wa riba kubwa anaanza kumgusa mkopeshaji. Na anayekataa jina la kampuni kwa sababu ya kile mwasisi wake alichosema juu ya watu wake anamnyooshea mdhamini kidole, hata kama hakuinua mkono. Dhamiri ya dini tumezoea kuipa nafasi kwa sababu mara nyingi hukaa ndani ya mipaka ya mwenyewe. Dhamiri inayotokana na historia huingia ofisini kwa mwenye fedha na kumwuliza swali. Ndipo tunapoambiwa kwamba michezo haipaswi kuchanganywa na siasa.

Mgawanyo huo si wa haki. Imani ya Amla na kumbukumbu ya Wallam zote ni mambo ambayo mtu hawezi kuyavua mlangoni akaingia uwanjani bila hayo. Kama shirikisho linaweza kumpa mchezaji ruhusa kwa sababu ya kile anachoamini Mungu amekiharamisha, ni vigumu kuona kwa nini lisimpe kwa sababu ya kile ambacho bibi yake alitendewa.

Msimamo huu una gharama, na anayeutetea lazima ailipe. Miezi mitatu kabla ya sakata la netiboli, Julai 2022, wachezaji saba wa klabu ya ligi ya raga ya Manly, mjini Sydney, walikataa kuvaa jezi yenye rangi za upinde wa mvua iliyokusudiwa kuwaunga mkono mashoga, wakisema inapingana na imani yao na mila zao. Hawakucheza, na timu ikafungwa. Haneen Zreika, mwanamke wa kwanza Mwislamu katika ligi kuu ya wanawake ya kandanda ya Kiaustralia, alikosa mechi kwa sababu kama hiyo mwezi Januari mwaka huohuo, na klabu yake ikaheshimu uamuzi wake. Wengi waliomshangilia Wallam waliwalaani saba wa Manly, na wengi waliowatetea wale saba walimwona Wallam msumbufu. Kila upande ulitaka dhamiri iheshimiwe pale ilipokubaliana nao. Mtu anaweza kuona, kwa sababu nzuri, kwamba kuna tofauti kati ya kukataa jina la aliyetaka watu wako watoweke na kukataa alama ya kuwakaribisha watu wanaobaguliwa. Tofauti hiyo ni ya kweli na inafaa kusemwa wazi. Lakini ni tofauti ya uzito wa sababu. Haimpi yeyote haki ya kumvalisha mwenzake kwa nguvu.

Katika visa vyote viwili kuna jambo moja la kawaida kabisa ambalo halikufanyika kwa wakati. Kocha wa Manly wakati huo, Des Hasler, aliomba radhi hadharani kwa sababu wachezaji hawakushirikishwa kabla ya jezi kutangazwa. Hata katika netiboli, walioingia mkataba waliketi na mdhamini kabla ya kuketi na wale ambao miili yao ndiyo bango lenyewe. Ikabidi mgeni wa timu, asiye hata na mechi moja, ambaye nafasi yake ingeweza kuchukuliwa na mwingine asubuhi inayofuata, awe wa kwanza kutamka. Wakongwe walisimama naye baadaye, na heshima ni yao. Lakini mkanda wa 1984 haukuwa siri, na jina la Hancock ni maarufu Australia kuliko majina ya mawaziri wakuu wengi. Kulikuwa na watu waliolipwa mishahara kusoma mikataba, na hakuna hata mmoja wao aliyepaswa kumsubiri Wallam.

Suala hili si la Australia peke yake. Mwaka huohuo wa 2022, Agosti, klabu ya soka ya Simba ya Dar es Salaam ilitia saini mkataba mkubwa na kampuni ya kubashiri ya M-Bet. Kabla yake Simba na Yanga zote zilikuwa zimevaa SportPesa, kama ilivyokuwa kwa Gor Mahia kule Nairobi. Katika vikosi hivyo wamekuwamo Waislamu wanaofunga Ramadhani na kusali kambini, na Walokole wanaopiga magoti baada ya kila bao, na wote wanajua dini zao zinasema nini juu ya kamari. Wachezaji wa netiboli wa Tanzania, ambao wengi huchezea timu za majeshi, polisi na idara za serikali, bado hawajafikiwa na fedha za kiwango hicho. Zikija, chama cha netiboli cha Tanzania, CHANETA, na klabu zitakuwa na nafasi ya kuuliza kabla ya kusaini, mchezaji mmoja mmoja, akiwa ameketi mbele ya karatasi yenye jina la mdhamini na muda wa kutosha wa kusema ndiyo au hapana.